Uchekeo, Nchi Ambako Kucheka ni Kutia Sahihi

Safari yenyewe niiache. Ilikuwa ndefu, miguu ilivimba, na sijapata kumwona mtu aliyefurahishwa na habari za miguu ya bibi kizee. Nianzie pale niliposimama mbele ya meza ya afisa wa mpakani wa nchi ya Uchekeo, naye ananitazama kama mtu anayechagua nyanya.

Hakuniuliza jina, wala ninatoka wapi, wala nimebeba nini. Alishika kalamu, akauliza:

"Bi mkubwa, wewe unachekeshwa na nini?"

Nikamwambia ni mambo mengi.

"Taja moja. Fomu ina mstari mmoja."

Nikafikiri, nikasema huwa nacheka nikimwona kuku anakatiza uani kwa haraka, kama mtu aliyechelewa kikao. Afisa hakutabasamu. Aliandika "Kuku na mfano wake", akapiga muhuri, akaniambia mtaa wa kukaa. Kisha akauona mkoba wangu, akatoka nyuma ya meza na kunibebea mpaka kwenye kona. Hilo halikuwamo kwenye fomu.

Uchekeo watu hupangiwa makazi kwa kile kinachowachekesha. Wanaocheka mtu akianguka wanakaa Mtaa wa Utelezi, ambako wajumbe hupaka sabuni kwenye vijia kila Jumatatu, na hakuna nyumba isiyo na mtu aliyefungwa bandeji. Wanaopenda visa virefu wana mtaa wao. Nilipopita nilimkuta bwana mmoja yuko katikati ya kisa alichokianza juzi, mkewe anamlisha uji kwa kijiko ili asikatize. Kuna pia Mtaa wa Wakavu, ambao hutania bila kubadili uso, na mgeni hutambua kwamba alitaniwa wiki moja baadaye, yuko kwao anaosha vyombo. Kila mtaa unaamini kwamba mitaa mingine haijui kucheka. Nilikaa asubuhi nzima nikisikiliza watu wazima, wenye familia zao, wakibishana kipi kinachekesha zaidi, kuku au mtu aliyeanguka. Mwishowe wakakubaliana juu ya kuku aliyeanguka, wakaenda kula.

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Mwanakheri, mjane wa miaka hamsini na minane, msusi wa mikeka. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia tangu kuzaliwa, kwa hiyo akitembea huinama upande mmoja na kuinuka, kama mtu anayeitikia jambo kwa kila hatua. Alinipa chumba chenye dirisha, akanipa na mto, akasema anao mwingine. Hakuwa nao. Nilijua asubuhi, nilipoona alama za ukili wa mkeka zimejichora shavuni mwake.

Alikuwa akiishi na mjukuu wake, Tausi, mtoto wa miaka saba kasoro siku chache, mwenye maswali mengi na mguu uleule.

Siku ya pili tulikwenda sokoni. Hatujafika mbali, bwana mmoja aliyekuwa anafagia mlango wake akainua uso akasema, "Mwanakheri, barabara imebomoka tena?"

"He he!" akacheka Mwanakheri, na kuendelea mbele.

Kicheko chenyewe kilikuwa na mapigo mawili tu, kama mtu anayebisha hodi. Bwana yule akaridhika, akarudi kwenye ufagio wake. Tulipofika kwenye nyanya, muuzaji akauliza, "Barabara imebomoka tena?" Mwalimu mwenye mwavuli akauliza. Mama mjamzito akauliza, huku amejishika kiuno. Wote kwa maneno yaleyale, na wote waliyangoja yale mapigo mawili kabla ya kuendelea na shughuli zao. Mpaka tunarudi nyumbani nilikuwa nimehesabu kumi na wanne.

Nisiwasingizie. Muuzaji wa nyanya alituongezea mbili juu ya fungu. Mwalimu alimfunika Mwanakheri kwa mwavuli wake mpaka tukavuka jua kali. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililonichanganya.

"Dada," nikamwuliza njiani, "huchoki?"

"Nilishatia sahihi," akasema.

Ndipo akanieleza sheria. Uchekeo mtu anaruhusiwa kumtania mwenzake kwa lolote, lakini mara ya kwanza lazima awepo shahidi wa kuhesabu hadi tano. Aliyetaniwa akicheka kabla ya tano, mzaha umekuwa halali juu yake. Msajili wa Vicheko anauandika kitabuni, mtunzi anapewa cheti, na tangu siku hiyo mtu yeyote anaweza kumwambia aliyetaniwa maneno hayo, popote, mpaka afe. Kicheko chake ndiyo sahihi yake. Asipocheka, mtunzi anaomba radhi na kumchotea maji siku tatu.

"Basi si mngekataa kucheka?"

"Asiyecheka huitwa Mzito," akasema Mwanakheri. "Mzito haalikwi harusini. Wala watu hawakai karibu naye msibani."

Nilidhani nimeelewa. Sikuwa nimeelewa, kwa sababu jioni ileile jirani aliitazama miwani yangu, ambayo nimeifunga kwa uzi sikioni, akasema, "Bibi, umeifunga isikutoroke?" Ilinichekesha kweli. Nikacheka. Mkewe alikuwa ameshafika tatu. Kesho yake adhuhuri nilikuwa nimeulizwa na mji mzima kama miwani haijatoroka. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya nne nilitabasamu kwa adabu. Mara ya tisa niliivua nikaitia mfukoni, nikamkanyaga mbuzi wa watu. Mwenye mbuzi aliniinua kwa upole, akanipangusa vumbi, akaniuliza kama imetoroka.

Kwetu tuna utani pia, na naupenda. Lakini mtani wangu akinirushia leo, kesho namrudishia, na tukizikana ndio tunaoongoza kuzika. Uchekeo mzaha huenda upande mmoja kama maji ya bomba.

Jumanne nilimkuta Mwanakheri amekaa uani, mkeka haujasogea, analia bila sauti. Nilikaa chini kando yake. Akaniambia.

Mzaha Uchekeo hurithiwa. Mtoto akifika miaka saba, huitwa uwanjani siku ya Ijumaa, Msajili akamtazama amefanana na nani, akamsomea mzaha wa mtu huyo mbele ya watu. Hahesabiwi hata tano. Mkubwa wake alishacheka kwa niaba yake.

"Ijumaa hii ni zamu ya Tausi," akasema. "Msajili amemwona anavyotembea. Jana ameniuliza, 'Bibi, nitakapopewa barabara yangu, na mimi niseme he he?' Ananiuliza kama mtoto anayeulizia sare ya shule."

Alikuwa amepeleka ombi la kuondoa kicheko chake. Halijawahi kupelekwa ombi la namna hiyo, na Baraza lingekaa Alhamisi kulisikiliza.

"Na nani aliyeutunga mzaha wenyewe?"

"Baba mdogo wa marehemu mume wangu. Mzee Shaame." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na usimchukie, tafadhali. Siku ya harusi yangu nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilipofika mlangoni kwa mume, nikajikwaa mbele ya ukoo mzima. Kila jicho likaganda kwenye mguu wangu. Shaame alikuwa kijana mwenye haya, hajapata kuchekesha mtu. Akaropoka, 'Barabara imebomoka hapo?' Unaona? Aliilaumu barabara ili mimi nisilaumiwe. Nikacheka kwa kushukuru. Siku ile ulikuwa mzaha mzuri sana. Ulikuwa mzuri siku moja."

"Na sasa ni miaka mingapi?"

"Arubaini na mmoja."

Alhamisi asubuhi tulikwenda barazani, na Tausi katikati yetu. Wajumbe walikaa kwa mitaa yao. Msajili wa Vicheko, Bwana Msellem, mwembamba, nadhifu, mwenye rula mfukoni, alisoma ombi mara mbili, kana kwamba mara ya pili lingekuwa na akili zaidi.

Mjumbe wa Utelezi alisimama wa kwanza, mkono umefungwa bandeji. "Waheshimiwa, kama aliumia mbona alicheka? Mtu akiumia hulia. Mimi nikianguka nalia, ndipo wenzangu wanacheka. Kila kitu mahali pake."

Wa Visa Virefu alianza na siku babu yake alipozaliwa, akaombwa aketi.

Wa Wakavu alipendekeza mizaha yote ipigwe marufuku nchi nzima kuanzia mchana huo. Baraza likaingiwa na hofu. Wakapiga kura, wakamkatalia, ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba Wakavu huwa hawabadili uso. Hadi leo hawajui kama alikuwa anatania.

Kisha mjumbe mmoja mnene akainuka, kichwa chake cha mviringo, hakina hata unywele. "Mimi," akasema kwa sauti kubwa, "naitwa Tikiti mwaka wa thelathini huu. Nimekufa?"

Akawatazama wajumbe mmoja mmoja.

"Nauliza, nimekufa?" Safari hii sauti ilikuwa ndogo. Akaketi, akakipapasa kichwa chake polepole. Aliyekaa jirani yake akamsogezea leso bila kumtazama.

Mwenyekiti akaniona mgeni, akaniuliza kwetu tunafanyaje. Niliona haya, lakini niliulizwa mbele za watu.

"Kwetu hatuna msajili," nikasema. "Tuna neno moja tu, 'natania.' Mtu akishalisema, mwenziwe hana tena ruhusa ya kuumia."

"Bila kitabu?" akauliza Bwana Msellem.

"Bila kitabu."

"Bila kuhesabu hadi tano?"

"Hatuhesabu kitu."

Wakatazamana kwa wivu. Bwana Msellem alisema nchi zilizoendelea zinaokoa karatasi nyingi sana.

Ndipo akasimama kueleza alichokipata katika sheria za zamani. Kilikuwepo kifungu kimoja, cha kupima upya. Mtunzi analeta mzaha wake mbele ya Baraza, anausema kama alivyousema siku zote. Aliyetaniwa asipocheka mpaka tano, mzaha unafutwa kwake na kwa kizazi chake. Akicheka, unabaki milele, na hakuna ombi jingine litakalopokelewa, la kwake wala la mjukuu wake.

Mwanakheri akanitazama. Kifungu hicho Msajili alikuwa ameshamdokezea, na Jumatano yote tulikuwa tukijizoeza uani. Mimi nikisema, "Barabara imebomoka tena?" na yeye, "He he!"

"Mwanakheri!"

"Si mimi. Imetoka yenyewe."

Tulirudia mara ishirini. Alijaribu kuuma ulimi, akajaribu kufikiria msiba, akajaribu kutia maji mdomoni. Maji yakanirukia. Uso ule ulikuwa umecheka miaka arubaini na mmoja, ukazoea kama mlango unaojifunga wenyewe.

Wakamwita Mzee Shaame. Aliingia akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakatika mistari, cheti chake kwapani kwenye fremu, na nyuma yake ndugu saba aliowaalika. Aliambiwa tu kwamba Baraza linataka kuusikia mzaha wake. Alidhani ni heshima.

Bwana Msellem akamsomea ombi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, tabasamu likimshuka kidogo kidogo. Akamgeukia Mwanakheri.

"Mkaza mwana. Kumbe huupendi?"

"Siku ya kwanza niliupenda sana, Ba'mdogo. Ulinifunika."

"Na siku nyingine?"

Mwanakheri akamtazama Tausi.

"Lakini ulikuwa unacheka. Kila asubuhi ukipita kwangu unacheka. Mimi hutoka mapema nikakaa barazani nikungoje. Najua watu hawacheki nikisema jambo. Wewe pekee…" Akapangusa kioo cha fremu kwa mkono wa kanzu. "Vile vicheko vyote?"

"Nilikuwa nakupa wewe, Ba'mdogo. Niliona unavingoja."

Hata wa Visa Virefu hakuwa na la kuongeza. Mzee Shaame alikitazama cheti chake, akamkabidhi ndugu yake ashike.

"Mtunzi aseme," akaamuru Bwana Msellem. "Asiuharibu kwa makusudi. Sheria inataka usemwe vizuri."

Mzee akajongea mpaka mbele ya Mwanakheri. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

"Nitausema vizuri," akasema. "Ila leo usinipe, mwanangu. Umenipa vya kutosha. Ukinionea huruma leo, anayelipa ni yule mtoto pale."

Kisha akajinyoosha, akakohoa, akasema kwa sauti ya kijana aliyesimama mlangoni siku ya harusi: "Mwanakheri, barabara imebomoka tena?"

Wallahi, sidhani aliwahi kuusema vizuri vile. Nusu ya ukumbi ilicheka kwa mazoea, wakaibana midomo.

"Moja," akahesabu Bwana Msellem.

Mwanakheri alisimama akimtazama Mzee machoni.

"Mbili."

Tausi alikuwa amenishika kidole gumba, anakikamua.

"Tatu."

Pembe ya mdomo ikaanza kupanda. Niliiona. Ilipanda yenyewe, kama jana uani. Mzee Shaame naye aliiona, akatikisa kichwa polepole, kama unavyomkataza mtoto asiguse sufuria ya moto.

"Nne."

Mdomo ukasimama. Ukashuka. Machozi yakamtoka Mwanakheri, lakini machozi hayamo kwenye kifungu.

"Tano."

Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Bwana Msellem alifungua kitabu, akatafuta mahali pa kuandika mtu ambaye hakucheka, akakosa. Alitoa rula yake, akapiga mstari mpya kwa uangalifu mkubwa, akaandika, akakausha wino kwa pumzi yake. Kisha akaomba cheti. Mzee Shaame alikitoa kwenye fremu mwenyewe. Akauliza kama fremu anaweza kubaki nayo, wakamkubalia. Yule mjumbe anayeitwa Tikiti alinyoosha mkono kuuliza kifungu hicho ni namba ngapi.

Tulipotoka, tulimkuta Mzee amekaa kwenye ngazi za nje, fremu tupu magotini. Ndugu zake saba walikuwa wameshaondoka. Tausi akamfuata, akakaa karibu yake.

"Babu Shaame, mzaha wako umekwisha?"

"Umekwisha."

"Huna mwingine?"

"Nilikuwa nao huo huo."

Mtoto alifikiri. "Sasa kesho Bibi akipita kwako utasemaje?"

Mzee alitazama barabara. "Sijui, mjukuu wangu. Nitangoja anisalimie. Tangu aolewe hajapata nafasi ya kunisalimia. Kila siku mimi naanza na barabara."

Mwanakheri alikuwa anashuka ngazi nyuma yao, anainama na kuinuka, anainama na kuinuka. Akafika ngazi waliyokaa, akasimama mbele yake, akakunja magoti kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, Ba'mdogo."

Mzee akafungua mdomo. Akaufunga. Ilionekana wazi kwamba yale maneno mengine yalikuwa yamesimama nyuma ya meno yake, yamevaa tayari, kama kila asubuhi. Akameza. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Alishika magoti yake kwa mikono miwili, kama mtu anayejiandaa kunyanyua gunia, akavuta pumzi.

"Mara…" akasema. "Mara… haba. Mkaza mwana. Hu… hujambo?"

Mwanakheri alimtazama uso ule uliokuwa ukihangaika kwa kitu chepesi hivyo, na kitu kikampanda kutoka tumboni. Alicheka. Si mapigo mawili. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka kanga ikamporomoka begani, mpaka akakaa kwenye ngazi akajipiga mapaja, na sauti yake ilikuwa nzito na nene, wala hakuna mtu wa mji ule aliyewahi kuisikia. Mzee alishtuka. Kisha naye akaanza kucheka, bila kujua wanacheka nini, na Tausi akacheka kwa sababu wanacheka wao, na watu wakatoka barazani kutazama.

Bwana Msellem alikuja mbio, kitabu kimefunguliwa mkononi, kalamu sikioni. "Nani amesema nini? Shahidi ni nani? Imehesabiwa?"

"Babu kasema hujambo," Tausi akamwambia.

Msajili akageuza kurasa, mbele, nyuma, akatazama tena mbele. Mwanakheri, pumzi bado zinamkatika, alinyoosha mkono na kukifunga kile kitabu taratibu, bila ukali wowote.

"Hiki, Bwana Msellem," akasema, "usikiandike."